TAHADHARI watu wa Mwanza: huyu anayesajili digrii ya kemia ya kusoma ukiwa kazini ni TAPELI

Jamani nisikilizeni kabla hamjatoa hata mia. Kuna mtu hapa mjini anajiita wakala wa chuo cha Uingereza, anasajili watu digrii ya kemia, unasoma kwa muda wako, kazi huachi, Mwanza hutoki. Ana ofisi, ana mhuri, anavaa vizuri, na ni mwizi. Mimi kanila milioni moja na laki mbili. Mpaka jana simu yake ilikua inaita haipokelewi, leo haipatikani kabisa, na pale ofisini naambiwa chumba kimerudishwa kwa mwenye nyumba.

Wale tunaojuana mnajua hii digrii naitafutia nini, ile nafasi ya juu pale kazini niliikosa akapewa dada mwingine, sitaki yajirudie. Diploma yangu ya maabara ninayo, niko kiwandani kwenye minofu ya sangara napima klorini na pH (kiwango cha asidi) ya maji, wiki hii usiku wiki ijayo mchana. Sasa mtu wa shifti chuo cha kukaa darasani saa mbili asubuhi atakisoma saa ngapi? Na kusoma kwa mbali sio kitu cha kubuni, Chuo Kikuu Huria chetu kipo kwa sheria ya 1992 na kina kituo cha mkoa hapahapa Mwanza, Uingereza nao chuo chao huria kipo tangu 1969. Kwahiyo mtu akikwambia kuna digrii ya kemia ya Uingereza unaisomea nyumbani, hajakwambia kitu cha ajabu. Ndo maana nasema msije hapa na maneno ya ulikua wapi, yeyote kati yenu angekaa kwenye kile kiti angetoa hela.

Maana tulikaa, tena na mama yangu mzazi. Ghorofa ya pili, mtaa wa Rwagasore, zulia jipya, feni, bendera ndogo ya Uingereza mezani. Yule wakala akasimama, akamwamkia mama kwa Kisukuma, mwadila mayu, akamvutia kiti, akamuuliza habari za nyumbani na mvua za huko kijijini mpaka mama akaanza kumwita mwanangu. Hapo kwenye fomu tulikua bado hatujafika. Afu ndo akafungua laptop, akanionyesha mfumo wa chuo, akaandika jina langu mbele ya macho yangu, ikatokea namba ya usajili na orodha ya moduli, kemia ogania, inogania, fizikali, analitiki, na pembeni alama ya Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia cha kule Uingereza. Hicho chama ni cha kweli na hakihusiki na huu uchafu, lakini mimi nimekifahamu tangu diploma, nilipoiona ile alama nikaona hapa nimefika penyewe.

Nikamuuliza vitendo je, maana kemia bila maabara ni hadithi. Nilimuuliza hili wazi, mama yangu shahidi. Hakusita hata kidogo, akasema chuo kinatuma boksi la maabara nyumbani kwa kila mwanafunzi, taitresheni, lile jaribio la kudondoshea kimiminika kimoja kwenye kingine ili kukipima, unafanya mezani kwako, mtihani wa vitendo unajirekodi kwa simu unatuma. Akasema dada yangu dunia imebadilika, wenzetu hawasafirishi tena watu, wanasafirisha vifaa. Alivyokua anaongea, taratibu, anakutazama usoni. Usajili 250,000, awamu ya kwanza ya ada 600,000, boksi 350,000. Nikalipa palepale kwa lipa namba, likatokea jina la duka la vifaa vya ujenzi, nikauliza, akasema akaunti ya chuo inasubiri kibali Benki Kuu ndo maana wanatumia ya mshirika wao, na mama akasema mwanangu lipa tuondoke jua linazama. Ile hela ni ya mchezo, ule wa kuchangiana kwa zamu. Wenzangu wa mchezo mnanisoma hapa mnajua tuliipataje.

Boksi lilikuja kwa bodaboda, kaki, limezungushiwa selotepu mpaka unatafuta kisu. Ndani kuna bureti ya plastiki, ule mrija wenye namba wa kupimia, pipeti, miwani ya kukinga macho ya kitoto kabisa, na vichupa viwili vya stika. Nikaishika ile bureti kuifuta vumbi, nikapitisha kidole gumba, namba zikatoka. Zote, kuanzia 0 mpaka 50, zimebaki kwenye kidole changu kama masizi. Nikabeba kichupa kimoja kazini, kimeandikwa fenolfthaleini, ile indiketa, dawa ya kupimia kwa kubadili rangi, tunayoiita POP. Nikayeyusha kostiki soda kidogo kwenye bika, lile glasi la maabara, nikadondosha. Hakuna kitu, maji yako vilevile. Nikaongeza matone, vilevile. Mtu yeyote aliyepita kidato cha nne cha sayansi anajua POP kwenye kostiki lazima ipige pinki, ikishapita pH ya 8 na kidogo inaanza kugeuka, na kostiki iko juu huko. Nikachukua chupa yetu ya pale maabara, tone moja tu, bika zima pinki. Nikakaa chini. Kijana wa usafi akaniuliza dada unaumwa.

Kumbe ni spiriti na maji. Yaani mtu kakaa chini akajaza spiriti kwenye vichupa akabandika stika, akijua kuna mama wa watu kajibana miezi.

Kuna kaka yangu, sio wa damu, yuko maabara ya sampuli za dhahabu Geita, nikamtumia zile karatasi, siku hizi daraja la Busisi linapitika akaja mwenyewe. Alichonionyesha nakiweka hapa mkijue. Barua yangu inasema digrii inaisha kwa mwaka mmoja kwa sababu nina diploma. Digrii ya miaka mitatu, ya kwetu kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na hata ya Uingereza, ni krediti 360, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 3,600. Ukizipanga kwa mwaka mmoja ni kama saa 10 kila siku, Jumapili ndani, Idi ndani, Krismasi ndani, na shifti yako iko palepale. Wanaosoma kwa kujipangia muda wenyewe wanakwenda miaka zaidi ya mitatu, hawaendi mmoja. Diploma inaweza kukupunguzia baadhi ya krediti, lakini barua ilisema nasoma zote. Na zile nondo walizonitumia kama moduli ya kwanza ni notisi za kidato cha tano, moles na Hess, nilishazisoma hizo.

Huyu mtu afungwe. Sitaki kusikia habari ya kusuluhishwa, kuna watu tayari wananitumia meseji eti mtafute muelewane akurudishie nusu. Nusu ya nini? Kamdanganya mama yangu kwa lugha ya mama yangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, ya kujipatia hela kwa udanganyifu ipo, RB ya polisi ninayo mkononi, apelekwe mahakamani asimame na ile tai yake aeleze kibali cha Benki Kuu kiko wapi. Na mwenye lile duka la vifaa vya ujenzi aitwe naye, hela imeingia kwake, hawezi kusema hajui. Na huyo tapeli anyang'anywe ile laptop, maana ule mfumo alionionyesha, kaka yangu wa Geita anasema ni ukurasa tu, unaandika jina lolote linakupa namba. Tuliandika jina la mbwa wa jirani likapewa usajili.

Mliomo kwenye mazungumzo naye sasa hivi, au mwingine wa aina yake, angalieni haraka haraka: mawakala wa vyuo vya nje wanatakiwa kuwa wamesajiliwa TCU, ulizeni TCU wenyewe msiulize wakala. Chuo pia kitafuteni kwa njia yenu, msiingie kwa linki aliyowatumia yeye. Vyuo vya serikali hapa kwetu unalipa kwa kontroli namba, sio jina la duka. Akisema kemia yote unamaliza kwa boksi na video bila kukanyaga maabara hata siku moja, ondokeni. Namba zake za simu zitumeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zifungwe, mimi zangu nimeshatuma. Mengine nimesahau, nikikumbuka nitaongeza.

Wawili wameshaniandikia inboksi kwamba na wao, mmoja wa Igoma na mwingine kalipa akiwa Ukerewe bila hata kumuona sura. Kumbe hatuko wachache. Kila mwenye risiti yake, meseji ya malipo, barua, hata kile kichupa, msitupe, msimwage. Jumatatu asubuhi nikitoka shifti naenda moja kwa moja kituo cha kati cha polisi kwa mpelelezi, boksi langu ninalo na bika nitaomba kazini. Mnaoweza tukutane pale getini saa tatu, tuingie pamoja.