Miezi minane ya ngumi Manzese, na judo niliyokuja nayo kutoka Unguja

Nimekulia Unguja, na kijana wa rika langu kule hakuwa na pa kujifunzia ngumi. Zilipigwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume, mpaka Rais Mwinyi alipozifungulia mlango mwaka 2022. Sisi tulicheza judo. Nilipohamia Dar kikazi, nikishapata chumba tu, nikaanza kutafuta gym ya ngumi. Nikaipata Manzese, uani kwa watu: paa la bati, magunia mawili ya kupiga, ulingo hakuna. Shilingi 30,000 kwa mwezi.

Wiki tatu za mwanzo kocha hakuniruhusu kurusha chochote zaidi ya jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele. "Miguu kwanza, Mzanzibari." Nilikereka, nikajua ananila hela. Kumbe ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyolipia pale, hicho na kule kupigwa. Konde la kwanza la pua linakujaza machozi na akili inahama. La arobaini machozi yapo palepale, ila akili inabaki, unaona mkono wa pili unakujia.

Lakini ngumi zina kasoro zake. Unazoea kupiga ukiwa na bandeji na glovu za aunsi 16, na mtaani glovu hakuna. Mwenzetu mmoja alimchapa mtu ngumi kavu ya paji la uso, ukavunjika mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho. Akakaa na hogo wiki kadhaa, na yule aliyepigwa akaenda zake kunywa chai.

Tena ngumi za pale hazikunifundisha lolote kuhusu roba, na vibaka wengi hawaji kwa mbele. Hapo judo inashinda. Kabali iliyokaa sawasawa inakulaza ndani ya sekunde kama 10, kwa hiyo hakuna nafasi ya kukumbuka somo: kidevu chini, mikono yote miwili ivute ule mkono wa shingoni, ugeukie upande wa kiwiko chake. Nimekabwa hivyo mara nyingi mno mazoezini hadi shingo inajua yenyewe.

Niliwahi pia kulipia semina ya siku moja ya "kujilinda". Sitaitaja. Tulifundishwa kunyang'anya kisu, kisu cha plastiki, na mshikaji anakuachia mkono kama anakukabidhi ufunguo. Jigoro Kano alipoanzisha judo kule Tokyo mwaka 1882, mbinu za hatari alizitoa kwenye mazoezi ya kushindana, ili watu waweze kuangushana kwa nguvu zote na kesho warudi. Ndiyo maana mbinu chache za michezo zinafanya kazi: umezijaribu kwa mtu asiyetaka. Kisu ukikiona, toa simu, ondoka. Mwalimu wangu wa Unguja alisema hivyo na kocha wa Manzese akasema vilevile, na hawajuani.

Mtihani wangu ulikuwa Mabibo, kwenye kibanda cha chipsi. Mlevi akanikwida shati. Kwa mcheza judo kukwidwa ni kama kukaribishwa nyumbani, mguu wangu ulishajipanga kumpiga ngwala. Lakini chini palikuwa lami, na kisogo chake kingetangulia. Halafu kuna jambo ambalo hakuna gym inayolifundisha: ukimlaza mtu barabarani usiku, akawahi yeye kupiga kelele za mwizi, utamweleza nani kwamba ulikuwa unajitetea? Nikaukata mshiko, nikapiga hatua mbili za pembeni, zilezile za wiki tatu za jebu, akarusha ngumi ikapita hewani. Muuza chipsi akamaliza kesi kwa maneno.

Gym ile naipa nane kati ya kumi. Mbili nazikata kwa sababu ya choo, na kwa kutotufundisha kupiga kwa kitako cha kiganja. Anayeanza kabisa ningemwambia apate judo kwanza, kwa sababu moja isiyohusu ugomvi: inakufundisha kuanguka. Masika iliyopita bodaboda iliteleza nami Shekilango. Kidevu kiliingia kifuani bila kuambiwa, nikaviringika, nikaamka na kiwiko kilichochubuka. Dereva alitanguliza mkono, ukavunjika.