Pawasaplai ya kununua Arusha, kuanzia ya kuaminika hadi ya kukwepa

Kompyuta uliyoiunga mwenyewe inazimika ukifungua gemu, au ukibonyeza swichi feni inazunguka nusu kisha kimya. Wapo mafundi watakaokimbilia kusema madabodi imekufa. Usitoe hela bado. Anza na vya bure: fyuzi ya plagi, ekstensheni, swichi ya nyuma ya pawasaplai (lile boksi linaloigawia kompyuta umeme), na ule waya wa pini 4 au 8 unaolisha prosesa, ambao wengi husahau kuuchomeka.

Vyote vikiwa sawa, ichomoe pawasaplai kwenye vifaa vyote. Kwenye plagi yake ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, ndipo uwashe. Ikigoma kabisa, imekufa. Ikiwaka, bado haijajitetea. Azima multimita, yaani kipimo cha umeme, rudisha kila kitu mahali pake, fungua gemu, upime. Waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nyingi hupima vizuri zikiwa hazina kazi, mzigo ukija zinaporomoka. Na tafadhali usiifungue boksi lake: kapasita ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi ukutani.

Sasa ununuzi. Chaguo langu la kwanza ni mpya, ya wati 550, yenye alama ya 80 Plus Bronze (ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi), na lebo iliyoandikwa volti 100–240. Hayo maandishi ya mwisho ndiyo ninayoyajali kuliko yote kwa mji huu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini jioni mtaa mzima unapopika na kupiga pasi unaweza kushuka mpaka taa zikafifia. Pawasaplai ya aina hiyo huvumilia mshuko huo bila kompyuta kujua lolote. Zile zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma hazina uvumilivu huo, na mtu akikisogeza kwenye 115 kisha akachomeka ukutani, utasikia mlipuko.

Wati 550 zinatosha wengi. Kadi ya grafiki ya RTX 3060 inakula wati 170, na Nvidia wanaoitengeneza wenyewe wanashauri pawasaplai ya 550. Mwenye GTX 1650, inayokula 75, hana haja ya kufika huko.

Ukifika dukani, iwe karibu na Mnara wa Saa au kwingine, usisome namba kubwa ya kwenye boksi. Mwambie muuzaji, "Bosi, naomba nione lebo ya ubavuni." Tafuta safu ya 12V, chukua ampea zake uzidishe kwa 12. Lebo inayodai wati 500 huku 12V ikiwa na ampea 18 inakupa wati 216 tu pale prosesa na kadi vinapokula. Ya 550 iliyotengenezwa kwa haki huwa na ampea kama 45, yaani wati 540. Hesabu hiyo ifanye palepale kaunta, kwa simu, bila aibu. Omba iwashwe ukiona, na waranti iandikwe kwenye risiti. Hii ya kwanza ni ghali kuliko zote ninazozitaja, na ndiyo nakusihi uidundulize.

Ya pili ni mtumba wa ATX (saizi ya kawaida ya kompyuta za mezani) kutoka kampuni yenye jina, ikiwa na waya zake zote za asili. Zile zenye waya za kuchomoa zina hatari yake: upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, hivyo waya wa nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa na kuunguza diski yako. Waya ukipungua, iache.

Ya tatu ni zile zinazotolewa kwenye mashine za ofisi za Dell na HP. Zimetengenezwa kwa uimara, ila nyingi zina plagi za kwao wenyewe, wati chache, na hazina waya wa kadi ya grafiki. Zinafaa kompyuta ya kuandikia na kuchapisha.

Ya mwisho ni ile nyepesi inayokuja bure na kesi. Ishike mkononi tu, utajua. Usiifungie kadi ya grafiki.

Nunua na UPS, kile kifaa cha betri kinachoilisha kompyuta umeme ukikatika, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi ghafla ndipo vifaa hufa. Pawasaplai nzima hushikilia umeme takriban milisekunde 16, muda unaotosha UPS kuhamia kwenye betri. Kapasita zikizeeka muda huo hupungua, na kompyuta itajiwasha upya kila TANESCO wakikata ingawa UPS ni nzima. Kabla ya kubadilisha betri ya UPS, jaribu pawasaplai nyingine kwanza. Pia, UPS za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya pembe (yenye kona, si laini kama ya ukutani), na baadhi ya pawasaplai za kisasa huukataa na kuzima. Nenda dukani na kompyuta yako, zichomekwe pamoja, kisha muuzaji achomoe plagi ya UPS ukutani huku kompyuta ikifanya kazi. Ikizimika, chukua UPS nyingine.