Gari lililolala miezi linamisi: usome kodi au uhamishe koili?

Tuchukue Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE: silinda nne, kila moja na koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme mkali wa kutoa cheche) juu ya plagi. Imepaki miezi, leo ukiiwasha inatetemeka na taa ya injini imewaka.

Mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, inajibu haraka. P0302 maana yake silinda ya pili inamisi, yaani haiunguzi petroli sawasawa. P0300 ni kumisi kusiko na mpangilio, na kwa gari lililolala hapo mimi nashuku petroli iliyochacha kabla ya kununua kifaa chochote. Ila kodi hutaja silinda, haimtaji mkosaji. Koili, plagi, nozeli ya petroli iliyoziba, hata waya uliotafunwa na panya, vyote vinaweza kuleta P0302 ileile. Tena baadhi ya magari yaliyotoka Japani hayasomeki kwa vimashine vya bei rahisi.

Kuhamisha koili kunataka spana namba 10 tu. Zima injini, badilishana koili ya 2 na ya 3, washa. Kumisi kukihamia silinda ya 3, koili ndiyo mbovu. Kukibaki palepale, hamisha plagi; ukiikuta imelowa petroli, huenda moto haufiki au ni hafifu.

Mimi nasoma kodi kwanza, kisha nahamisha. Anayeagiza koili nne kwa sababu ya P0302 pekee anatupa pesa. Na taa ikiwaka kwa kupepesa, usiliendeshe: petroli isiyoungua inaharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.