Submariner 14060 ya tritiamu: uzoefu wangu na saa ambayo haiwaki tena

Nianze na swali ninaloulizwa kila mara: je, inawaka gizani? Hapana, gizani haionekani. Ukizima taa, uso wote unapotea, na kujua ni saa ngapi itabidi uwashe simu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wanaotoa hela nyingi kwa saa ya wapiga mbizi wakitegemea itawaka, halafu wanarudi kwa muuzaji kulalamika kwamba wameuziwa kitu kibovu. Si kibovu. Ni umri tu.

Yangu ni Rolex Submariner namba 14060, ile isiyo na tarehe, ya katikati ya miaka ya 1990. Niliinunua Dubai, kwa muuza saa za mitumba kule Deira. Kwa mambo mengine sina neno. Milimita 40 zinakaa vizuri hata kwenye mkono mwembamba kama wangu, kioo cha yakuti hakina mkwaruzo, mashine inakwenda barabara. Kifungo cha mkanda ni chepesi kuliko vya siku hizi. Mimi napenda hivyo, wengine watanuna.

Sasa rangi ya kuwaka gizani, ile iliyopakwa kwenye nukta na akrabu. Chini kabisa ya uso, ukingoni, pameandikwa SWISS – T<25. T ni tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi, na 25 ndiyo kikomo: mionzi yake haifiki milikyuri 25 (milikyuri ni kipimo cha mionzi). Rangi hiyo haikuhitaji kuanikwa kwenye mwanga ndipo iwake. Tritiamu hurusha chembe ndogo zinazogonga unga wa sulfidi ya zinki, na unga unatoa mwanga wake usiku kucha, ujue usijue. Ila tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3. Saa iliyotoka kiwandani 1995 ilibaki na nusu mwaka 2007, na robo kufikia 2020. Tena ule unga nao huchoka kwa kugongwa miaka yote hiyo, kwa hiyo mwanga unaofika jichoni ni mdogo kuliko hesabu inavyoonyesha.

Faida yake ni sura. Nukta zilizokuwa nyeupe zimegeuka rangi ya samli, na akrabu zimeiva zaidi kidogo kuliko nukta. Chini ya lenzi ya fundi, pembetatu kubwa ya juu ina ufa mmoja mwembamba, na uso wa rangi ni wa chengachenga, si laini. Mimi naupenda ufa ule. Ndio unaoniambia hakuna mtu aliyepita na brashi hapo.

Maana majaribu ni mengi. Nilipoipeleka kwa ajili ya mpira wa kuzuia maji, kijana wa kaunta aliitazama akasema, "Kaka, tukupigie rangi mpya? Itawaka mpaka asubuhi." Nikamwambia aiache kama ilivyo, na nikataka iandikwe kwenye risiti: uso na akrabu visiguswe, visibadilishwe. Fanya hivyo nawe. Mafundi wengi, hata wa vituo vikubwa, wanaona uso usiowaka ni kasoro ya kurekebishwa, na wakibadilisha bila kukurudishia ule wa zamani, sehemu kubwa ya thamani ya saa imekwenda nao. Wakusanyaji wa saa wanalipia uso halisi. Rangi mpya wanaikata bei.

Kuna kazi moja ya fundi ninayoikubali. Rangi ya akrabu ikianza kumomonyoka, chembe zake huangukia ndani ya mashine. Fundi mzuri huishika kwa nyuma na gundi nyembamba, mbele pakabaki vilevile. Huku pwani unyevu hauna huruma, ukiingia ndani rangi inaota madoa meusi, kwa hiyo mpira wa kuzuia maji usicheleweshe.

Tafadhali usichanganye saa hizi na zile za kabla ya miaka ya 1960. Zile nyingi zilipakwa radiamu, metali yenye mionzi mikali, na radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Haziwaki kwa sababu unga umekufa, ila mionzi ipo karibu yote. Utaona hata kivuli cha akrabu kimechomwa kwenye uso, pale saa ilipokaa imesimama miaka mingi. Wasichana waliokuwa wakizipaka huko New Jersey, Marekani, walichonga ncha za brashi kwa midomo yao, na kufikia miaka ya 1920 wengi walikuwa wameharibika mataya, wengine wamekufa. Ukirithi saa ya namna hiyo, usiifungue mwenyewe na usiipulize vumbi. Tritiamu ni dhaifu mno, mionzi yake haivuki hata kioo.

Kwa anayetaka kununua, kipimo changu ni tochi ya mionzi ya zambarau, zile za kukagulia noti. Mulika uso, kisha zima. Tritiamu ya zamani itajibu kidogo na kufifia upesi. Ikiendelea kung'aa kijani muda mrefu huku chini pameandikwa T<25, basi imepakwa upya kwa rangi ya kisasa, ile ya aluminati ya strontiamu ambayo kampuni ya Nemoto ya Japani iliitoa mwaka 1993 na Rolex wakahamia huko mwishoni mwa muongo ule. Mulika akrabu peke yake pia. Mara nyingi uso ni halisi, akrabu ni za juzi. Na ile lulu ndogo, nukta ya kuwaka kwenye bezeli (pete inayozunguka kioo), hudondoka na kubadilishwa, hiyo isikuhukumie saa nzima.

Je, naipendekeza? Kwa anayependa saa kuukuu, naam, bila kusita. Kwa mlinzi wa zamu ya usiku, nesi, au mtu anayezama kweli baharini, hapana. Nunua Seiko ya wapiga mbizi, inawaka vizuri kwa bei ndogo sana, hata mimi ninayo kwa safari za usiku. Na ukinunua 14060 kwa mtandao, omba picha ya uso iliyopigwa gizani baada ya kumulikwa. Muuzaji akianza visingizio, tafuta mwingine.