Edinburgh: chuo cha Mwalimu, giza na ile kofia

Nakiri, nilikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kwa sababu ya Mwalimu Nyerere. Alihitimu pale mwaka 1952, nami nilishajijengea picha ya majengo ya mawe na wazee wenye majoho. Mawe yapo. Ila uzamili wangu wa historia niliufanyia zaidi Maktaba Kuu ya George Square, jengo la zege la mwaka 1967 lisilo na mvuto wowote kwa nje.

Panda ghorofa ya sita. Hapo ndipo chuo kilichoanza 1583 kinapokufungulia sanduku lake la vitabu vya kale. Begi na kalamu ya wino unaacha nje, unaingia na penseli. Kitabu cha karne ya 17 kinalazwa juu ya mto wa sponji kama mtoto mchanga, na kurasa zinatulizwa kwa kamba nzito laini ili usizibonyeze kwa kidole. Siku ya kwanza mikono ilinitetemeka. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani hata nikishike.

Kusukumwa usitegemee. Vipindi vyangu vilikuwa saa chache kwa wiki, kazi iliyobaki ni yako na vitabu. Ukimwendea msimamizi wa tasnifu mikono mitupu, mtaongea habari za mvua mkaachana. Aliyezoea kunakili notisi ubaoni atapata taabu sana muhula wa kwanza.

Wanaokwenda shahada ya kwanza: Uskoti ni miaka 4, si 3 kama England, kwa hiyo ada ya mwaka mmoja zaidi iingie kwenye hesabu mapema. Viza inaruhusu kibarua saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Hiyo ni hela ya chakula, si ya ada.

Baridi nilijiandaa nayo. Giza ndilo lilinikamata: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Na chumba? Dalali aliniambia ni dakika kumi kwa miguu, akasahau kusema zote ni kupanda mlima.

Kuhitimu ni McEwan Hall. Unainama, unaguswa kichwani na kofia kuukuu ambayo wanafunzi husimuliana kuwa ilishonwa kwa suruali ya John Knox, yule mhubiri wa karne ya 16. Mama alikuwa akitazama kwenye simu. Alipiga vigelegele, kisha akauliza, "Sasa mbona wanakupiga?"