Steshenari upeleke Word au PDF?

Ubishi huu haukosekani kwenye steshenari za Dodoma, hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanapokimbizana na ripoti. Kwa uhakika wa mwonekano, PDF inashinda: ukiihifadhi kutoka Word, kwa kawaida fonti (mitindo ya herufi) zinabebwa ndani ya faili, kurasa zinatoka kama ulivyoziacha. Faili la Word kwa kawaida hutegemea fonti zilizomo kwenye kompyuta ya duka. Fonti yako isipokuwepo, programu inaweka nyingine kimyakimya. Herufi zikiwa pana kidogo tu, mistari inashuka, jedwali linakatika, na orodha ya yaliyomo inasema sura ya tatu iko ukurasa wa 41 wakati imeshahamia wa 43. LibreOffice, programu ya bure inayofungua faili za Word, hupunguza balaa: fonti yake ya Carlito ina upana uleule wa herufi za Calibri, na Liberation Serif wa Times New Roman. Ile fonti ya mapambo uliyoipakua mwenyewe, hiyo haina wa kuiokoa.

Kwenye marekebisho Word haina mpinzani. Msimamizi akitaka jina lake lirekebishwe kwenye jalada, kijana wa steshenari anamaliza papo hapo. PDF itakurudisha hosteli kufuata laptop. Bei ya kuprinti ni ileile, ila kurasa zilizoharibika mara nyingi unazilipia wewe.

Kazi imeshapitishwa? PDF. Bado inasahihishwa? Word yenye fonti za kawaida, na uombe kuziona kurasa kwenye kioo kabla hazijaprintiwa.