Viatu vya majini vya soli ya mpira: vinashika wapi, vinateleza wapi

Kwenye saruji kavu havina neno. Mpira laini hujibana kwenye vinundu vya sakafu, na ukigeuka ghafla litakalolalamika ni goti, si soli.

Mtihani ni vigae vilivyolowa. Maji yasipopata pa kutokea, mguu huelea juu ya utando mwembamba. Mifereji ya soli hizi ina kina cha milimita 2 hivi na inafika hadi ukingoni, kwa hiyo maji hukamuliwa nje. Ikishalika ikawa bapa, badilisha. Vikiwa vipya, sugua soli kwa brashi na maji ya sabuni, kisha suuza vizuri, maana mabaki ya mafuta ya kiwandani huziba mshiko.

Mawe yenye mwani? Usivitegemee. Ute haukamuliki kama maji. Piga hatua fupi, kanyaga kwa unyayo mzima.

Kwa kuogelea ni wastani tu. Ukiongeza kasi mara 2, ukinzani wa maji hupanda karibu mara 4, na kiatu kilicholegea hujaa maji na kukuvuta nyuma. Chukua saizi inayobana kisigino.